Uzi: DNA ya makaburi ya Waavari: je, mke aliyetoka mbali alibaki mgeni hadi kufa kwake?

#1 MwalimuMvomero
Salaam wanajukwaa. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na kila tulipofika Ulaya baada ya kuanguka kwa Roma ya Magharibi tuliwataja Waavari kwa sentensi moja tu: wapanda farasi waliotoka mashariki, wakaizingira Konstantinopoli mwaka 626, na mwishowe wakavunjwa na majeshi ya Karolo Mkuu karibu na mwaka 800. Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya DNA ya watu 424 waliofukuliwa katika maeneo manne ya makaburi ya Hungaria, yaani Rákóczifalva, Kunszállás, Kunpeszér na Hajdúnánás. Karibu 300 kati yao walikuwa na ndugu wa karibu aliyezikwa hapo hapo. Nasaba kubwa kuliko zote inashuka vizazi tisa katika muda wa takribani miaka 250: unapita mjukuu, kitukuu, kilembwe na kilembwekeza, na bado mifupa inaendelea.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni wanawake. Wanaume wa makaburi yale wanaunganika kuumeni, lakini wake zao hawana baba wala mama aliyezikwa pale, na mabinti wa pale wakishakua hawaonekani tena. Zaidi ya hayo, wapo wanawake waliozaa na ndugu wawili, au na mtu na baadaye na mwanawe aliyezaliwa na mke mwingine. Hoja yangu ni kwamba DNA imetuonyesha jamii ambamo mwanamke alirithiwa kama mali, pamoja na farasi na ng'ombe wa marehemu, na hakuwa na kwao pale alipozikwa. Anayeona vingine anieleze.

#2 BintiYaAlego
Ahsante kwa mada, Mwalimu, ila naipinga nusu yake ya pili. Nyanya yangu alirithiwa na shemeji yake baada ya babu kufariki. Hakuhama. Alibaki katika nyumba yake, katika boma la marehemu mumewe, na shemeji ndiye aliyemfuata huko. Watoto wawili waliozaliwa baadaye waliitwa kwa jina la babu, wakapewa ardhi ya babu, na mpaka leo hakuna anayewaita watoto wa shemeji. Mtafiti akipima mifupa yetu ataona baba wawili na mama mmoja. Sisi wenyewe tunahesabu baba mmoja. Sasa nani kati yetu na kipimo anaijua familia hiyo?

Sisemi kwamba nyanya alifurahi. Wapo wajane waliolazimishwa na wakateseka, na hilo nalijua. Nasema tu kwamba neno «mali» umelitoa kichwani mwako, si katika mifupa.

#3 Kibwana_wa_Mvita
Naomba kuelimishwa: hawa Waavari si ndio wale wa Attila?

#4 MtafitiMifupa
Hapana, Kibwana. Attila alikufa mwaka 453 na dola yake ya Wahunni ikasambaratika muda mfupi baadaye. Waavari waliingia bonde la Karpati, iliko Hungaria, mwaka 567 na 568, zaidi ya miaka mia moja baada yake, wakati huo huo Walombardi walipokuwa wakiliacha bonde hilo na kuelekea Italia. Utafiti wa mwaka 2022 uliopima watu 66, wengi wao wakiwa wa enzi ya Waavari, uligundua kwamba vinasaba vya wakubwa wao wa mwanzo vinafanana na vya watu wa nyika za Mongolia, jambo linalooana na kisa cha kwamba walitokana na Warouran, watu wa nyika ambao dola yao ilipinduliwa na Waturuki katika miaka ya 550. Maana yake ni kwamba walivuka maelfu ya kilomita ndani ya miaka michache tu.

Kwa kuwa mada inategemea kipimo, nieleze kwa ufupi kinavyofanya kazi. Sampuli huchukuliwa kwenye jino au kwenye mfupa mgumu wa fuvu unaozunguka sikio la ndani, kwa sababu huko DNA huhifadhika vizuri zaidi. Kromosomu Y inapita kutoka baba kwenda kwa mwana wa kiume, na DNA ya mitokondria mtu huipata kwa mama peke yake. Ila kujua kwamba watu wawili wana undugu wa daraja la pili hakutoshi, maana ndugu wa baba mmoja, mtu na mjomba wake, na babu na mjukuu wake, wote hugawana takribani robo ya DNA. Ili kuwatenganisha, mtafiti anahitaji umri wa kila mmoja alipofariki, mitokondria, na ndugu wengine wengi wa kuwapima pamoja. Kwa sababu hiyo watafiti hao walitaka kupima kila kaburi lililowezekana badala ya kuokota mafuvu kumi, kama ilivyokuwa desturi zamani.

#5 MwalimuMvomero
Dada BintiYaAlego, nimekuelewa na nakubali kwamba neno lilikuwa zito. Lakini niambie: nyanya yako angeweza kurudi kwao akitaka? Kama hakuweza, tofauti kati yangu na wewe ni ndogo.

#6 BintiYaAlego
Angeweza, Mwalimu, kama kwao wangekubali kurudisha ng'ombe wa mahari. Hawakuwa nao tena. Walikuwa wameshawatoa kumwolea mjomba wangu mkubwa.

#7 Chacha_Tarime
Nimesoma #2 nikatabasamu, maana kwetu Wakurya tunaweza kumsumbua MtafitiMifupa kuliko hapo. Tuna nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na kuoa msichana, na watoto atakaowazaa msichana huyo huwa wa nyumba ya yule mama. Mwanamume aliyewazaa hana haki nao. Shangazi wa baba yangu alikuwa na nyumba ya namna hiyo, na wajukuu wake ndio walioshika mji wake. Kwa DNA wajukuu hao hawahusiani naye hata kidogo, nao ndio warithi wake halali.

Swali langu kwa MtafitiMifupa ni hili: pale Rákóczifalva walikuwepo watu waliozikwa katikati ya familia bila undugu wa damu na mtu yeyote?

#8 MtafitiMifupa
Swali zuri sana, Chacha, na umenibana kweli kweli. Ndiyo, katika kila eneo la makaburi wapo wasiounganika. Tukitoka kwa Waavari kidogo, Niederstotzingen kusini mwa Ujerumani kuna makaburi ya Waalamanni, kabila la Kijerumani, ya karibu na mwaka 600, na watu 13 wa hapo walipimwa mwaka 2018. Watano walikuwa ndugu wa karibu. Wengine hawakuwa na undugu nao, na wawili asili yao ilielekea Ulaya ya kusini. Hata hivyo walizikwa pamoja na silaha na heshima zao zote. Kuna wanaoeleza kwamba hao walikuwa watoto waliotolewa kulelewa katika nyumba ya mkubwa, na kuna wanaosema walikuwa mateka au askari wa nyumbani. DNA haiwezi kuchagua kati ya maelezo hayo.

Tofauti na nyumba ntobhu ni kwamba pale Rákóczifalva mnyororo wa baba na mwana haukatiki kwa vizazi vingi mfululizo. Kama ubaba wa kijamii ungetengana mara kwa mara na ubaba wa damu, kromosomu Y zingechanganyika. Hazikuchanganyika.

#9 Chacha_Tarime
Zisingechanganyika kama mwenye kuzaa alikuwa shemeji, kwa sababu shemeji ana kromosomu Y ile ile ya marehemu. Kwa hiyo hesabu ya BintiYaAlego ya «baba mmoja» bado haijavunjwa.

#10 MtafitiMifupa
Ni kweli. Hapo umenisahihisha, na ninashukuru.

#11 UstadhHamis_Pemba
Assalaam aleikum. Tutofautishe desturi mbili ambazo mmezichanganya. Ya kwanza ni ile iliyomo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, ambayo ndugu anamwoa mjane wa nduguye aliyekufa bila mwana ili jina la marehemu lisifutike. Ya pili ni ya mtoto kumchukua mke wa baba yake asiye mama yake mzazi, ambayo sisi Waislamu tumekatazwa waziwazi katika Surat An-Nisaa, aya ya 22, na kukatazwa kwenyewe kunaonyesha kwamba ilikuwepo. Mwanahistoria wa China, Sima Qian, yapata mwaka 100 kabla ya Kristo, aliandika kuhusu Waxiongnu wa nyika kwamba baba akifa mwana humchukua mama wa kambo, na ndugu akifa ndugu zake huwachukua wake zake. Waavari wametoka nyika zile zile. Kwa maoni yangu hilo linatosha: ni desturi ya wafugaji, na kusudi lake ni kwamba mjane asiondoke na mifugo na watoto kwenda kuukuza ukoo mwingine.

#12 MwanaisimuGoma
Ustadh, kati ya Sima Qian na Rákóczifalva pana miaka mia saba na zaidi, na nasaba hizi ni za watu waliokaa Hungaria kwa vizazi tisa, wakiwa wamezungukwa na Wagepidi, Waslavu na raia wa zamani wa Roma. Desturi haidumu muda mrefu hivyo kwa sababu tu mababu waliifuata. Kila kizazi kiliona faida yake. Ningependa kujua faida hiyo ilikuwa nini pale pale penyewe, kwenye bonde la mto Tisza, katika karne ya 7 na ya 8. Tena, kuzaa na ndugu wawili si lazima kuwe kurithiwa baada ya kifo. DNA inatuambia nani alimzaa nani, haituambii kama mume wa kwanza alikuwa amekufa. Watafiti wenyewe wamependekeza urithi wa wajane kwa kuoanisha na maandishi na umri wa mifupa, na mimi naona pendekezo hilo ni zuri, lakini ni pendekezo.

#13 MamaZuhura_Vienna
Nimeishi Austria miaka kumi na minane, na makaburi ninayotaka kuyataja yako kusini mwa jiji ninaloishi, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa maeneo mawili ya makaburi ya enzi ya Waavari, Mödling na Leobersdorf, na jumla ya watu 722 walipimwa. Kati ya sehemu hizo mbili pana kiasi cha kilomita 20. Aliyeondoka alfajiri kwa miguu alifika kabla ya jua kutua. Walivaa mikanda ya namna moja, walizika kwa namna moja, na wanaakiolojia walidhani ni watu wamoja. DNA ikasema vingine kabisa. Waliozikwa Leobersdorf kwa sehemu kubwa asili yao ni Asia ya Mashariki. Waliozikwa Mödling asili yao ni Ulaya. Kati ya vijiji hivyo viwili hapakupatikana undugu wowote wa karibu, wakati ndani ya kila kijiji kuna nasaba za vizazi sita.

Sasa, Mwalimu, fikiria maana yake kwa hoja yako. Leobersdorf nao walioa wanawake kutoka nje. Kama mke angekuwa mtu yeyote aliyepatikana, asili ile ya mashariki ingeyeyuka baada ya vizazi vitatu au vinne. Haikuyeyuka hata baada ya karibu miaka 200. Hii ina maana kwamba walipita jirani zao wa Mödling na kwenda mbali kutafuta wachumba wa asili kama yao, tena si mara moja, bali kizazi baada ya kizazi. Mke hakuwa mgeni asiye na kwao. Yeye ndiye aliyebeba kile ambacho kijiji kizima kilikitaka kisipotee, na kwao alikotoka palijulikana kwa jina, palithaminiwa, na huenda palitembelewa. Mimi mwenyewe niliolewa mbali na kwetu Tanga, na ninajua jinsi mtu anavyoweza kuwa mgeni wa mahali na bado akawa kiungo kinachoshikilia pande mbili.

#14 Kibwana_wa_Mvita
Mama Zuhura, ahsante. Lakini hapo si tunaona ubaguzi wa rangi wa kale?

#15 MamaZuhura_Vienna
Sidhani, mwanangu, ingawa hata mimi lilinijia wazo hilo. Mifupa ya sehemu zote mbili haina majeraha ya vita, na silaha makaburini ni chache. Watu hao waliishi kwa amani. Huenda Leobersdorf walikuwa na cheo cha ukoo wa watawala wa mwanzo na wakataka kukilinda. Huenda lugha zilitofautiana. Huenda ni mazoea ya kuoa pale walipooa babu zao, kama familia nyingi zifanyavyo bila kumchukia mtu. Sioni namna ya kuchagua.

#16 MwanaisimuGoma
Lugha isiongezwe kwa urahisi. Hakuna kinasaba cha lugha. Tunao mfano wetu wenyewe: utafiti wa mwaka 2023 wa watu 80 wa kale wa pwani ya Waswahili na sehemu za jirani, wakiwemo wa Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, ulikuta kwamba kwa wengi wa wale wa mijini zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, hasa kuukeni, huku sehemu kubwa ya asili ya kuumeni ikitoka Uajemi. Lugha iliyobaki ni ya akina mama. Yeyote atakayesema kwamba Leobersdorf walizungumza lugha fulani kwa sababu ya kromosomu zao amekwenda mbali kuliko ushahidi.

#17 Juma_Leicester
Habari za jioni. Huku Uingereza mambo ni tofauti na ya Waavari. Vitabu vya zamani vilisema kwamba Waanglo-Saksoni walikuja wanaume na panga zao wakaoa wenyeji. Utafiti wa mwaka 2022 uliopima watu 460, wakiwemo 278 wa Uingereza yenyewe, ulionyesha kwamba mashariki na kusini asilimia hadi 76 ya asili ya watu wa wakati huo ilitoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, na wanawake walihama sawa na wanaume. Wapo pia waliochanganya damu na wenyeji wakazikwa bega kwa bega.

Kilichonigusa zaidi ni msichana wa Updown, karibu na Eastry huko Kent, aliyezikwa mwanzoni mwa karne ya 7 pamoja na chungu, kisu na kitana cha mfupa, karibu na ndugu zake wa kuukeni. Babu yake mmoja wa kuumeni alitoka Afrika Magharibi, na vinasaba vyake vinakaribiana na vya Wayoruba, Waesan, Wamende na Wamandinka. Alizikwa kama mtoto yeyote wa kijiji kile. Watu wanauliza babu huyo alifikaje. Wengine wanataja biashara iliyofunguka baada ya majeshi ya Justinian, mfalme wa Konstantinopoli, kuitwaa Afrika Kaskazini mwaka 533 na 534. Utumwa nao hauwezi kuondolewa mezani. Mimi nina binti wa umri kama wake, aliyezaliwa hapa, na nilipoisoma habari hiyo niliisoma mara mbili.

#18 MwalimuMvomero
Juma, habari hiyo imenigusa hata mimi. Turudi Hungaria kidogo. Jambo moja sijalielewa: inasemekana katika nasaba za Waavari hakuna dalili ya ndugu wa damu kuoana, hata binamu wa mbali. Watu wasioandika walijuaje?

#19 UstadhHamis_Pemba
Walikumbuka, Mwalimu. Paulo Shemasi, Mlombardi aliyeandika historia ya watu wake mwishoni mwa karne ya 8, aliwataja wazee wake mmoja mmoja hadi kizazi cha tano, tangu yule aliyeingia Italia. Baba wa babu yake, Lopichis, alitekwa na Waavari akiwa mtoto pamoja na kaka zake, akatoroka peke yake, na njiani mama mmoja mzee wa Kislavu akamficha na kumlisha. Kaka zake walibaki huko. Nikisoma #8 kuhusu wasiounganika na mtu, nawafikiria hao.

#20 MtafitiMifupa
Naongeza kwamba haikuwa hivyo kila mahali. Las Gobas, kaskazini mwa Hispania, palikuwa na jamii iliyoishi katika mapango ya kuchonga kati ya karne ya 7 na ya 11, na DNA yao inaonyesha kuoana sana kwa ndugu, majeraha ya panga kwenye baadhi ya mafuvu ya awali, na hata virusi vya ndui. Kwa hiyo tusiseme «Ulaya ya wakati huo» kana kwamba ilikuwa nyumba moja.

Kuna fumbo jingine ambalo hamjaligusa. Katika nusu ya pili ya karne ya 7, pale Rákóczifalva mlango mmoja wa kuumeni unatoweka na mwingine unashika nafasi yake, na vyakula na vitu vya makaburini navyo vinabadilika. Asili ya jumla haikubadilika, kwa hiyo kipimo cha kawaida kisingeona lolote.

#21 Chacha_Tarime
Tauni? Nimesoma kwamba vimelea vya tauni ya Justinian, iliyoanza mwaka 541, vimepatikana kwenye meno ya watu wa Aschheim na Altenerding huko Bavaria, na Edix Hill Uingereza.

#22 MamaZuhura_Vienna
Tauni haichagui mlango wa baba, Chacha. Ingeua nyumba zote, wake na watumwa pamoja nao. Mimi naona siasa: baada ya kushindwa mbele ya Konstantinopoli nguvu za kagani, yaani mtawala wa Waavari, zilitikisika, na waliokuwa karibu naye wakapoteza malisho yao.

#23 Chacha_Tarime
Kati ya 626 na nusu ya pili ya karne pana miaka mingi, mama. Siasa gani hiyo iliyochelewa hivyo? Huenda walihama tu, wakafuata malisho.

#24 MwanaisimuGoma
Tena tukumbuke ambao hawamo kabisa. Waslavu wa mwanzo walichoma maiti zao, na mfupa uliochomwa hautoi DNA. Ndiyo maana utafiti wa mwaka 2025 kuhusu kuenea kwao, unaoonyesha kwamba mashariki mwa Ujerumani zaidi ya asilimia 80 ya asili ilibadilika, umetegemea sana makaburi ya baadaye. Jirani wa Rákóczifalva aliyechomwa hana sauti katika mjadala huu.

#25 MwalimuMvomero
Nimejifunza mengi. Nakubali kwamba mke wa Leobersdorf alikuwa na kwao, na neno «mali» nimeliondoa. Lakini sijashawishika kwamba alikuwa na kauli. Kiungo kinaweza kuwa cha thamani na bado kisiulizwe. Katika maandishi hatuna hata mwanamke mmoja wa Kiavari anayetajwa.

#26 UstadhHamis_Pemba
Yupo, Mwalimu, japo kwa cheo. Shairi la Kilatini lililosifu ushindi wa Pippin, mwana wa Karolo Mkuu, mwaka 796, linamtaja mke wa kagani, Katun, na kumlaani. Adui hamlaani asiye na nguvu.

#27 BintiYaAlego
Ustadh, huyo ni mke wa mfalme. Mimi namuulizia mke wa mfugaji. MtafitiMifupa, nina ombi moja. Mmeniambia wake walitoka wapi na walizaa na nani. Wale mabinti waliozaliwa Rákóczifalva wakaondoka kwenda kuolewa, kuna hata mmoja aliyepatikana katika kaburi la kwa mumewe, akatambuliwa kwamba ni wa kwao kule?

#28 MtafitiMifupa
Dada, undugu wa mbali kati ya makaburi hayo umeonekana, na kwa sehemu kubwa unapitia kwa wanawake. Kumtambua binti kwa baba na mama yake kunahitaji kijiji alichoolewa kiwe kimefukuliwa chote na kupimwa chote, na vilivyopimwa hivyo kwenye bonde lile bado vinahesabika kwa vidole. Nitarudi hapa kikiongezeka kingine.